Kutoka Boma la Kasanga hadi Laela: Ofisi ya Umma Inapokuwa Alama ya Mji

KATIKA wilaya nyingi za Tanzania Bara, mwananchi anayekwenda kuonana na Mkuu wa Wilaya bado husema anakwenda bomani. Neno hilo limedumu kuliko watawala waliojenga maboma ya kwanza, na limedumu kuliko baadhi ya majengo yenyewe. Ni ushahidi kwamba jengo la ofisi linaweza kuingia katika lugha ya watu, likawa jina la mtaa, dira ya msafiri na kipimo cha Serikali machoni pa raia.

Suala hilo lina uzito wa pekee mkoani Rukwa. Katika kipindi kisichozidi miaka 15 mkoa huu umegawanywa kwa kuzaliwa Mkoa wa Katavi, umepata Wilaya mpya ya Kalambo yenye makao yake Matai, na umeshuhudia Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ikiondoka katika Manispaa ya Sumbawanga na kuhamia Laela. Kila badiliko la aina hiyo linadai jengo, na kila jengo linadai uamuzi unaogusa fedha za umma kwa miongo kadhaa: lijengwe wapi, kwa ukubwa gani, karibu na nani na mbali na hatari gani.

Historia ya Ufipa inatoa jibu lenye mafunzo. Jengo la ofisi lililoonekana zaidi kuliko yote katika eneo hili lilijengwa juu ya rasi, kandokando ya maji ya Ziwa Tanganyika. Leo ni magofu. Mji ulioshika nafasi yake uko uwandani, mbali na ziwa, katika mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Safari ya utawala kutoka ufukweni hadi uwandani inafaa kutazamwa upya wakati huu ambapo halmashauri zinajenga makao mapya.

Boma lililojengwa lionekane

Kasanga, ambayo sasa ni sehemu ya Wilaya ya Kalambo, iko kusini mwa Ziwa Tanganyika, si mbali na mahali Mto Kalambo unapomwaga maji yake ziwani kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Wajerumani waliichagua kuwa kituo chao cha utawala mwishoni mwa karne ya 19 na kuiita Bismarckburg, jina la Kansela wao. Kutoka hapo ndipo wilaya iliyojumuisha Ufipa ilipotawaliwa.

Sababu za kuchagua mahali hapo zinaeleweka. Ziwa lilikuwa barabara kuu ya wakati huo. Mizigo, askari na barua vilisafiri kwa vyombo vya majini, na boma lililosimama juu ya rasi liliweza kuona kila chombo kilichokaribia. Vilevile lilionekana na kila aliyekaribia. Kuta zake zilikuwa ujumbe kwa wenyeji na kwa madola jirani: Waingereza upande wa kusini na Wabelgiji ng'ambo ya ziwa.

Ujumbe huo ulifanya kazi hata pale nguvu iliyokuwa nyuma yake ilipopungua. Mwezi Juni mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha boti za Waingereza kilichoongozwa na Geoffrey Spicer-Simson kilifika mbele ya Bismarckburg. Kamanda huyo alilitazama boma, akaona mizinga, na akaondoka bila kushambulia. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa mashua kabla ya majeshi ya nchi kavu kuliteka boma. Masimulizi ya vita hivyo yanaeleza kwamba mizinga iliyomtia hofu ilikuja kubainika kuwa ni ya mbao.

Kisa hicho kina maana nje ya uwanja wa vita. Jengo linaweza kumshawishi anayelitazama kwa mbali hata kama ndani yake hakuna kinacholingana na sura yake. Wahenga walilisema jambo hilo kwa maneno machache: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Boma la Kasanga lilikuwa na mlango mkubwa, na wengi wa waliotawaliwa kutoka ndani yake waliishi mbali, juu uwandani. Kwa Mfipa wa wakati huo, kwenda bomani kulimaanisha kuteremka zaidi ya mita 1,000 hadi usawa wa ziwa, kisha kupanda tena.

Kiti cha utawala chapanda uwandani

Katika kipindi cha utawala wa Waingereza makao ya Wilaya ya Ufipa yaliondoka ziwani na kupanda uwandani, na hatimaye Sumbawanga ikawa mji wa utawala wa eneo zima. Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, kwa kuunganisha Sumbawanga iliyokuwa Mkoa wa Mbeya na Mpanda iliyokuwa Mkoa wa Tabora, Sumbawanga ndiyo iliyopewa hadhi ya makao makuu.

Jina la mji huo, ambalo kwa Kifipa hufasiriwa kuwa ni wito wa kutupa uchawi, halikutokana na ofisi yoyote. Mji ulikua kwa sababu uko katikati ya watu. Uwanda wa Ufipa una hali ya hewa ya baridi na ardhi ya kilimo, na njia za kutoka Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi hukutana juu yake. Mahindi, maharage na ngano kutoka vijijini, pamoja na samaki kutoka maziwa hayo mawili, vilihitaji soko. Ofisi ya Serikali iliyowekwa karibu na soko ilimpunguzia mwananchi safari moja kati ya mbili.

Ufipa ulikuwa na alama zake za kujengwa muda mrefu kabla ya boma. Tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, ziitwazo malungu, zilisimama katika maeneo mbalimbali ya uwanda huo, na baadhi yake zimeendelea kuonekana hadi miaka ya karibuni. Zilipita kimo cha mtu, na umbo lake liliruhusu hewa kuvuta moto kutoka chini bila mivuo. Heshima yake ilitokana na kazi: humo ndimo kilimotoka chuma cha majembe na silaha. Anayeuliza jinsi jengo linavyoweza kuwa alama ya watu bila kuamriwa, malungu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Simulizi za kale za Wafipa zinabeba fundisho jingine. Milansi, kiti cha watawala wa mwanzo, kilipoteza mamlaka ya kisiasa kwa ukoo wa Watwa uliokuja baadaye, lakini kiliendelea kuheshimiwa katika mambo ya mila. Mamlaka yaliondoka, heshima ikabaki, kwa sababu watu waliona bado kuna shughuli yao inayotimizwa hapo. Kasanga ilikuwa kinyume chake: mamlaka yalipoondoka, boma halikubakiwa na shughuli ya kuwarudisha watu.

Uamuzi wa kuhamia Laela

Mwaka 2019 Serikali ilitoa agizo kwamba halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yao ya utawala zihamie ndani ya maeneo hayo. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida katika mikoa mingi: manispaa ilipoundwa ndani ya wilaya, halmashauri ya wilaya ilibaki mjini, katikati ya eneo ambalo si lake. Mkurugenzi, wataalamu na madiwani walifanya kazi katika mji usiowahusu kiutawala, huku wananchi waliowachagua wakiishi nje yake.

Msingi wa agizo hilo uko katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayawezi kusemwa yamepelekwa kwa mwananchi ikiwa ofisi inayoyashika iko katika halmashauri nyingine.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, makao mapya ni Laela, mji mdogo ulio katika barabara kuu ya Tunduma–Sumbawanga, kilomita 95 kutoka Sumbawanga mjini. Faida za eneo hilo zinaonekana. Barabara hiyo ni ya lami. Basi linalotoka Tunduma au Mbeya kwenda Sumbawanga hupita hapo. Kijiji kilicho kando ya barabara hiyo kimesogezewa huduma bila mjadala. Mji mdogo nao umepata watumishi wanaopanga nyumba, wanaonunua mahitaji na wanaopeleka watoto shule, na hivyo uchumi wake kupata msukumo.

Hata hivyo, uchambuzi wa haki hauna budi kuutazama upande wa pili wa wilaya. Halmashauri hiyo ina sehemu mbili za kijiografia. Moja iko juu uwandani. Nyingine iko chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye kata kama Muze, Mtowisa na Ilemba, ambako mwinuko ni karibu mita 800 tu na joto ni kali. Kati ya sehemu hizo mbili kuna ukingo mrefu wa Bonde la Ufa. Mkazi wa bondeni anayekwenda makao makuu lazima apande ukingo huo, na wakati wa masika safari ya barabara za udongo huwa ngumu zaidi.

Kwa mkazi huyo, thamani ya jengo la Laela haiwezi kutenganishwa na barabara inayomfikisha. Ndiyo maana miradi ya barabara za kuteremka bondeni, kama ile ya Ntendo–Muze, inapaswa kuhesabiwa pamoja na gharama ya makao makuu. Ofisi mpya isiyofikika kwa nusu ya wilaya ingerudia, kwa mwelekeo wa kinyume, kosa la boma la Kasanga: huko watu wa juu waliteremka, na sasa watu wa chini wangelazimika kupanda.

Nafuu nyingine inatokana na teknolojia. Mfumo wa TAUSI unaotumiwa na mamlaka za Serikali za Mitaa unamwezesha mfanyabiashara kuomba leseni na kulipa ada kwa njia ya mtandao, na mfumo wa e-Mrejesho unampa mwananchi njia ya kuwasilisha lalamiko au pongezi bila kusafiri. Kadiri huduma za aina hiyo zinavyoenea hadi ofisi za kata na vijiji, ndivyo makao makuu yanavyoweza kuwa na ukubwa wa wastani, na fedha inayobaki ikaelekezwa kwenye zahanati, maji na madarasa.

Mvuto wa maji na mipaka ya sheria

Tangu zamani wajenzi wa ofisi wamevutiwa na maji. Mto au ziwa hulipa jengo nafasi ya kuonekana, hewa safi na mandhari isiyozibwa. Katika miji mingi duniani, jengo la ofisi lililo ukingoni mwa mto ndilo linalowekwa kwenye picha za kuutangaza mji. Ufipa, wenye mito inayoteremka pande zote mbili kwenda Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, hauko nje ya mvuto huo.

Sheria ya Tanzania imeweka mpaka ulio wazi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa, fukwe za bahari na maziwa ya asili, zinazoweza kuathiri ulinzi wa mazingira ya maeneo hayo. Jengo la ofisi la ghorofa ni shughuli ya kudumu kwa maana yoyote ile. Mpaka huo unamhusu mkulima wa bustani ya mboga, mmiliki wa hoteli na taasisi ya umma kwa usawa.

Sababu ya mpaka huo inaonekana katika historia ya maziwa yenyewe. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga nchini Kongo. Mwaka 1876 mpelelezi Henry Stanley aliikuta njia hiyo imezibwa kwa matope na mimea. Baada ya muda mfupi ilifunguka, maji yakashuka kwa miaka mingi, na ufukwe wa Ujiji ukasogea. Mahali alipokutana Stanley na David Livingstone mwaka 1871, palipokuwa karibu na maji, leo pako mbali na ziwa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikayapandisha tena maziwa ya Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kufurika katika maeneo ya Bujumbura nchini Burundi na Uvira nchini Kongo, yakaingia katika nyumba, barabara na maeneo ya kazi.

Ziwa Rukwa lina tabia kali zaidi. Halina mto wowote unaotoa maji yake nje, na kina chake ni kifupi. Mvua ikiongezeka hupanuka kilomita nyingi juu ya ardhi tambarare. Ukame ukizidi hurudi nyuma. Kujenga ofisi mahali maji yalipo mwaka huu bila kujua yalikuwa wapi miaka 60 iliyopita ni kuweka fedha za umma rehani kwa mvua.

Dar es Salaam imelipa gharama ya fundisho hilo. Karakana na ofisi za mabasi yaendayo haraka zilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Katika misimu kadhaa ya mvua eneo hilo limejaa maji, mabasi yameondolewa kwa dharura, na barabara ya Morogoro imefungwa. Serikali imechukua hatua kupitia Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili yake mwaka 2022. Mradi huo unahusisha daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana hiyo. Ni uamuzi sahihi, na pia ni kielelezo cha kiasi ambacho taifa hulazimika kutumia kurekebisha jengo lililowekwa mahali pa maji.

Nchini Kenya, mwezi Agosti mwaka 2018, mamlaka za Nairobi zilibomoa majengo ya biashara yaliyokuwa yamejengwa juu ya hifadhi za mito, likiwamo la Ukay Centre katika eneo la Westlands. Majengo hayo yalikuwa maarufu na yalitumiwa na watu wengi kila siku, lakini umaarufu haukuwa kinga.

Nchini Tanzania Serikali imewahi kuonesha kwamba sheria ya maeneo ya hifadhi haibagui mwenye jengo. Mwaka 2017 iliagizwa kwamba sehemu za majengo ya TANESCO na ya Wizara ya Maji huko Ubungo zibomolewe kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Agizo hilo lilihusu barabara, lakini kanuni yake inafaa vilevile kwa mito: taasisi ya umma inayotarajia raia atii mpaka haina budi kuutii kwanza.

Jengo hubaki, ofisi huondoka

Kuna hatari nyingine isiyotokana na maji. Mwaka 2002 Jiji la London lilifungua makao ya Meya na Baraza la Jiji ukingoni mwa Mto Thames, katika jengo la kioo lenye umbo la yai lililoinama, lililobuniwa na kampuni ya mbunifu Norman Foster. Likawa moja ya alama za jiji hilo katika picha na televisheni. Hata hivyo jengo halikuwa mali ya jiji. Lilikuwa la kupanga. Mwishoni mwa mwaka 2021, miaka 19 tu baadaye, ofisi hizo zilihamishiwa mashariki mwa London, katika jengo ambalo tayari lilikuwa la jiji, ili kupunguza gharama za pango. Alama ikabaki mtoni, utawala ukaondoka.

Jiji lenye utajiri wa London limeona kuwa sura ya jengo si sababu ya kutosha ya kubaki ndani yake. Halmashauri inayotegemea mapato ya mazao na ruzuku kutoka Serikali Kuu ina sababu kubwa zaidi ya kupiga hesabu ya gharama za umeme, usafi na matengenezo kwa miaka 30 kabla ya kuchora ghorofa ya ziada.

Matengenezo ndiyo yanayoamua iwapo jengo litaheshimiwa au litahofiwa. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari ya Zanzibar, lilitumika kama jumba la sherehe, kisha ofisi kuu za Serikali katika kipindi cha ukoloni, na baadaye makumbusho. Kwa zaidi ya karne moja lilikuwa alama ya kwanza kuonwa na abiria wa meli. Tarehe 25 Desemba, 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utazika mtu.

Kwa upande wa Kasanga, hoja ya magofu ya boma inastahili kuangaliwa kwa jicho hilohilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na majengo ya baada ya hapo hulindwa Waziri anapoyatangaza. Barabara ya lami ya Sumbawanga–Matai–Kasanga yenye urefu wa kilomita 112, pamoja na bandari ya Kasanga inayohudumia biashara na Kongo na Zambia, zimeifanya rasi hiyo ifikike kwa urahisi kuliko wakati wowote katika historia yake. Mgeni anayekwenda kuona Maporomoko ya Kalambo anaweza kufika Kasanga katika safari ileile. Boma lililojengwa kutisha linaweza kupewa kazi mpya ya kufundisha, na kwa njia hiyo likapata kile ambacho halikuwahi kuwa nacho: watu wanaokwenda kwa hiari.

Wajibu wa mwananchi katika jengo la umma

Maamuzi kuhusu majengo ya halmashauri hupitia vikao ambavyo mwananchi ana nafasi navyo. Mikutano ya Baraza la Madiwani huendeshwa kwa uwazi, na bajeti ya maendeleo hujadiliwa humo kabla ya kupelekwa Ofisi ya Rais–TAMISEMI. Diwani wa kata ya bondeni ana haki sawa na wa kata ya barabarani ya kuuliza ni kilomita ngapi mpigakura wake atasafiri, na kwa nauli gani.

Yako maswali machache yanayoweza kumwongoza anayefuatilia mradi wa aina hiyo. La kwanza ni eneo: je, kiwanja kiko nje ya mita 60 kutoka mto, kijito au ziwa, na je, wazee wa eneo hilo wanakumbuka maji yakifika hapo? La pili ni njia: je, barabara na usafiri wa umma vinafika mwaka mzima? La tatu ni mlango wenyewe: je, mtu anayetumia kiti cha magurudumu ataingia bila kubebwa, kama Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inavyotaka? La nne ni matunzo: je, bajeti ya kila mwaka ina fungu la ukarabati, au jengo litasubiri hadi paa livuje?

La tano, na ndilo kubwa, ni huduma. Mwananchi aliyepanda kutoka Ilemba kufuatilia hati ya ardhi hukumbuka kama alihudumiwa siku ileile au aliambiwa arudi wiki ijayo. Rangi ya kuta na idadi ya ghorofa huja nyuma ya kumbukumbu hiyo. Kaunta moja yenye mtumishi aliyepo, orodha ya ada iliyobandikwa ukutani na benchi la kusubiria lenye kivuli huchangia heshima ya Serikali kuliko kioo kinachong'aa.

Mkoa wa Rukwa una nafasi adimu kwa kuwa baadhi ya makao yake ya utawala bado ni machanga. Laela na Matai hazijafungwa na maamuzi ya karne iliyopita. Mipaka ya mito inaweza kuwekewa alama kabla ya viwanja kugawiwa, miti ikapandwa katika kingo hizo, na sehemu ya wazi mbele ya ofisi ikaachwa kwa ajili ya mikutano na magulio. Mto unaopita karibu na mji uliopangwa hivyo hubaki kuwa mandhari ya wote, na jengo la Serikali huutazama kwa umbali ambao sheria imeuweka.

Vizazi vijavyo vya Ufipa vitayapa majengo hayo majina yao wenyewe, kama walivyofanya wa kabla yao kwa boma. Kama majina hayo yatatajwa kwa shukrani au kwa manung'uniko, itategemea idadi ya watu waliofika mlangoni, wakaingia, na kurudi nyumbani shughuli yao ikiwa imekwisha.